BEI INA MAPATANO, UKWELI HAUNA MAPATANO
Somo la fiqhi ya mauzo: kununua lori lililotumika

Sifa zote njema anastahiki Allah Mtukufu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wanafunzi na wazazi wetu wapenzi, katika darasa la fiqhi huwa tunasoma Kitabu cha Mauzo, na kila mwaka hutokea mwanafunzi akauliza: "Ustadh, mbona mifano yote ni ya ngamia, ngano na tende? Sisi nyumbani hatuna ngamia." Swali hilo ni zuri. Elimu ya muamalati haikuletwa ibaki vitabuni. Kwa hiyo tumeona katika jarida letu tuchukue mas-ala moja inayoingia majumbani mwetu, nayo ni kununua lori lililotumika kwenye yadi ya magari.

Tumelichagua jambo hili kwa sababu lina uzito. Familia nyingi hununua lori mara moja tu katika maisha. Shamba la minazi limeuzwa, bangili za mama zimeuzwa, na ami amechangia akiba yake. Fedha hizo zikiingia kwenye gari bovu, hazipotei peke yake. Watoto hukosa ada, ndugu hulaumiana, na udugu wenyewe huingia ufa. Na kwa upande wa pili, muuzaji aliyepata faida kwa hila amelisha nyumba yake chumo lisilo na baraka. Basi tusidhani kwamba dini inahusika msikitini tu, na yadi ni mahala pa ujanja.

1. NGAMIA WA JABIR

Tuanze na mapatano ambayo Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliyafanya. Jabir bin Abdillah (r.a.), ambaye baba yake aliuawa shahidi vitani Uhud, alikuwa akirudi safari pamoja na Mtume (S.A.W.). Ngamia wake alikuwa amechoka na anabaki nyuma. Katika baadhi ya riwaya Jabir anaeleza kwamba huyo ndiye ngamia pekee wa kazi ya kuteka maji waliyekuwa naye nyumbani. Kwa lugha ya leo tungesema ndiyo gari lao la kazi. Mtume (S.A.W.) alimwombea dua ngamia yule na kumchochea, akaenda mwendo ambao hajawahi kwenda. Kisha akamtaka Jabir amuuzie, na katika riwaya mashuhuri bei ilikuwa wakia moja. Jabir hakukubali mara ya kwanza. Baadaye akauza, kwa sharti kwamba ampande mpaka afike kwa watu wake Madina.

Walipofika, Mtume (S.A.W.) alimwamrisha Bilal (r.a.) apime bei na aizidishe. Kisha Jabir akarudishiwa na ngamia wake pia, fedha na mnyama vyote vikawa vyake. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Tunajifunza hapa mambo matatu. La kwanza, kupatana bei si aibu wala si ubakhili, kwani mbora wa viumbe alipatana bei. La pili, muuzaji ana haki ya kusema "hapana" na ya kuweka sharti lake, hata akiwa anazungumza na mtu mkubwa. La tatu, anayepatana kwa uungwana halengi kumnyang'anya mwenzake. Alipolipa, Mtume (S.A.W.) alizidisha, hakupunguza.

2. KABLA YA KUTAJA BEI

Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Imam Shafi wameshurutisha kwamba kinachouzwa kijulikane. Kununua usichokijua ni gharari. Waswahili nao wamesema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lori lililopakwa rangi mpya na kuoshwa injini mpaka inang'aa si lazima liwe baya, lakini lisikupumbaze. Nenda na fundi wako wa dizeli, si fundi wa yadi, na umlipe ujira wake. Mambo ya kuangalia ni haya:

(a) Nenda asubuhi na mapema, injini ikiwa baridi. Shika injini kwa mkono kabla haijawashwa. Ukikuta imeshapashwa moto, uliza kwa nini, maana gari linalosumbua kuwaka asubuhi huonekana zima likishapata moto.

(b) Tazama moshi. Moshi mweusi mwingi ni dalili ya dizeli isiyoungua vizuri, pengine nozeli au hewa. Moshi wa buluu ni oili inaungua, na ringi zinaweza kuwa zimekwisha. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto huenda ni maji yanaingia ndani. Fungua kifuniko cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yamechanganyika nayo, na hapo gasketi ya silinda hedi au hedi yenyewe ni ya kutiliwa shaka.

(c) Ingia chini ya gari na kurunzi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Chasisi ndiyo uti wa mgongo wa lori. Tafuta nyufa na mahali palipochomelewa, hasa karibu na vishikio vya springi, na uwe na shaka na rangi mpya iliyopakwa sehemu moja tu.

(d) Usiamini saa ya kilomita peke yake. Linganisha na hali ya pedeli, usukani na kiti cha dereva. Pedeli iliyolika mpaka chuma pamoja na saa inayoonyesha kilomita chache havisemi jambo moja.

(e) Soma tairi ubavuni. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT huonyesha wiki na mwaka tairi lilipotengenezwa. Kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi laweza kuwa na kashata nzuri na huku mpira wake umezeeka.

(f) Linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma na ile iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Kisha uliza kadi ni ya jina la nani. Mtume (S.A.W.) alimkataza Hakim bin Hizam (r.a.) kuuza kitu asichokuwa nacho. Anayeuza lori lisilo lake lazima awe wakili aliyeruhusiwa na mwenyewe, na idhini hiyo uione, usisimuliwe.

3. AIBU YA BIDHAA HAIFICHWI

Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye rundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akatoa udhuru kwamba mvua ilinyesha. Akamuuliza kwa nini hakuuweka ule uliolowa juu ili watu wauone, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Ameipokea Imam Muslim. Zingatieni kwamba mfanyabiashara yule hakusema neno lolote la uwongo. Kosa lake lilikuwa ni mpangilio wa bidhaa tu: kavu juu, mbichi chini.

Pia katika Bukhari na Muslim imekatazwa kumwacha ngamia au mbuzi bila kukamuliwa siku kadhaa ili mnunuzi aone kiwele kimejaa. Mnunuzi akishamkamua na kugundua, ana hiari ya kumbakisha au kumrudisha pamoja na pishi moja ya tende. Wanazuoni wetu wakaongeza kwa kipimo hicho mfano wa mwenye kinu cha maji anayeyafungia maji, kisha akayaachia siku ya mteja ili kinu kizunguke kwa nguvu. Imam Nawawi ameutaja katika Minhaj. Sasa fikirini, mwenye kutia oili nzito kwenye injini ili moshi usionekane siku ya mteja, na mwenye kurudisha nyuma saa ya kilomita, wana tofauti gani na yule mwenye kinu? Kinachofanyika ni kimoja, ila chombo kimebadilika.

Na jukumu hili haliko kwa muuzaji peke yake. Imepokewa na Imam Ahmad kwamba mtu mmoja alinunua ngamia, na Wathila bin Al-Asqa (r.a.) akamfuata kumuuliza anamtaka kwa nyama au kwa safari. Alipojibiwa kwamba ni kwa safari ya Hija, akamfahamisha kuwa ngamia yule ana tundu kwenye ukwato. Muuzaji akalalamika kwamba anaharibiwa biashara yake. Wathila akajibu kwamba amemsikia Mtume (S.A.W.) akisema si halali kuuza kitu bila kubainisha kilichomo, na si halali kwa anayejua kunyamaza. Somo hili ni la madalali, mafundi na vijana wa yadi. Fundi anayepewa bahasha ili asiseme alichokiona chini ya gari, fedha ile ni ya haramu.

4. ADABU ZA MAPATANO

Ukishakagua, sasa patana. Bei iko wazi kwa mazungumzo, wala hakuna kiwango cha faida kilichowekwa na sheria. Lakini kuna mambo yaliyokatazwa:

Kwanza, najashi. Ni mtu kupandisha bei ya kitu asichokusudia kukinunua ili mwingine ahadaike. Wateja wa bandia wanaopangwa kwenye yadi wamo humo. Na ile kauli ya "kuna mtu anakuja na hela zake kesho saa mbili", kama mtu huyo hayupo, ni uwongo na udanganyifu.

Pili, uwongo wa mnunuzi. Wanunuzi wengi hujiona wao hawana hatia. Husema "yadi ya pili nimeambiwa bei ndogo kuliko hii" na hali hawakwenda popote. Au huliponda gari walilolipenda ili mwenyewe akate tamaa. Uwongo ni uwongo, ukitoka upande wowote wa meza.

Tatu, kuingilia biashara ya nduguyo. Wawili wakishakubaliana, usiende kumwambia muuzaji avunje ili wewe umwongeze, wala usimwendee mnunuzi umwambie arudishe ili umuuzie lako.

Hebu tuchukue mfano wa kufundishia. Mzee na wanawe wawili wanataka Canter ya kubebea matofali na mchanga. Yadi inataka shilingi 38,000,000. Mazungumzo yakawa hivi:

Mzee: Mwanangu, gari tumelipenda, hatulisemi vibaya. Lakini fundi amekuta matairi manne yamekwisha, na jani moja la springi ya nyuma limekatika. Kwa hesabu yake matengenezo ni milioni mbili na laki sita. Tunaomba utupe kwa 34.

Muuzaji: Mzee wangu, matairi nayakubali. Springi nilikuwa siijui. Lakini 34 itaniumiza. Nipe 36.

Mzee: Na injini, imewahi kufunguliwa?

Muuzaji: Ndiyo, mzee. Ilibadilishwa gasketi ya silinda hedi. Risiti ya fundi hii hapa.

Mzee: Allah akulipe kheri kwa kusema. Basi tukutane 35, na utupe siku tatu tulijaribu na mzigo.

Muuzaji: Haya mzee, biashara ni maelewano. Nimekubali.

Angalieni, wanafunzi wetu. Mzee amepunguza milioni tatu bila neno moja la uwongo. Silaha yake ilikuwa ukaguzi wa fundi na hesabu ya matengenezo. Na muuzaji alipoulizwa juu ya injini hakuficha, na ukweli ule haukumvunjia biashara, bali ulimtia mnunuzi imani. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uwongo, baraka hufutwa.

Na juu ya daraja hiyo kuna daraja ya wema zaidi. Jarir bin Abdillah (r.a.), aliyempa Mtume (S.A.W.) ahadi ya kumtakia kheri kila Muislamu, alinunuliwa farasi na mtumishi wake kwa dirhamu 300. Imepokewa na Tabarani kwamba alipomwona farasi alimwambia muuzaji kuwa thamani yake ni zaidi, akawa anampandishia mwenyewe mpaka akafika 800. Hatusemi kwamba kila mnunuzi ni wajibu afanye hivyo. Tunasema kwamba walikuwepo waliomtakia mwenzao wanachojitakia wao.

5. KHIYARI: MLANGO WA KURUDI

Sheria imeacha milango ya kurudi ili watu wasinaswe. Kwa madhehebu yetu iko mitatu iliyo muhimu hapa.

Khiyari ya kikao: maadamu mko pamoja hapo ofisini na hamjaachana, yeyote kati yenu anaweza kuvunja, hata kama mmeshapeana mikono. Asikwambie mtu kwamba ulishasema "nimekubali".

Khiyari ya sharti: mkikubaliana mnaweza kuweka muda wa kufikiri na kujaribu, usiozidi siku tatu. Ndiyo aliyoiomba yule mzee. Itumie. Pakia mzigo, panda mlima, sikiliza giaboksi na difu.

Khiyari ya aibu: ukikuta kasoro iliyokuwepo kabla hujakabidhiwa, nawe hukuijua, una haki ya kurudisha na kuchukua bei yako. Kasoro ni ile inayopunguza thamani au kuharibu kusudio, na ambayo kwa kawaida haipatikani kwenye kitu cha aina ile. Kwa hiyo rangi iliyochubuka kwenye lori la miaka 15 si aibu, maana ndivyo yalivyo malori ya umri huo. Silinda hedi yenye ufa ni aibu.

Lakini haki hii ni ya papo hapo. Ukigundua leo, usiseme "ngoja nimalize tripu za wiki hii". Ukiendelea kulitumia bila udhuru baada ya kujua, umeridhia na haki imekutoka. Na kama mikononi mwako limepata kasoro nyingine mpya, huwezi kumlazimisha muuzaji alipokee. Mtatazama fidia ya upungufu, au mpatane kwa njia nyingine.

6. "GARI LINAUZWA KAMA LILIVYO"

Mikataba mingi ya yadi ina maneno haya, pamoja na yale ya "mali ikishauzwa hairudishwi". Je, yanamtoa muuzaji katika dhima? Kauli iliyo na nguvu zaidi kwa wanazuoni wa Shafi ni kwamba sharti la kujitoa na aibu humwondoa muuzaji katika kasoro ya ndani ya mnyama ambayo yeye hakuijua, basi. Kwa vitu visivyokuwa wanyama halimwondoi. Na hekima yake iko wazi, kwani mnyama hula na huugua ndani bila mwenyewe kujua, lakini chuma hukaguliwa.

Basi, ewe muuzaji, usijifiche nyuma ya mstari mmoja wa karatasi. Iandike kasoro yenyewe: "giaboksi inaruka gia ya tatu, mnunuzi ameonyeshwa." Hapo umetoka katika dhima kweli, kwa sababu mnunuzi ameridhia kitu anachokijua.

7. ARUBUNI NA MALIPO YA AWAMU

Neno letu arubuni limetoka katika Kiarabu, na mas-ala yake ni ya zamani. Ikiwa sharti ni kwamba mnunuzi akighairi arubuni inaliwa, wanazuoni wa Shafi wamelikataza. Madhehebu ya Imam Ahmad yameruhusu, na Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha mwaka 1993 huko Brunei, limeruhusu kwa sharti kwamba muda wa kungoja uwekwe wazi. Kwa hiyo kabla hujatoa hata laki moja, uliza: "Nikighairi inarudi au hairudi? Na mwisho ni tarehe gani?"

Ama kununua kwa awamu, hilo linajuzu. Mtume (S.A.W.) alinunua chakula kwa mkopo kutoka kwa Yahudi mmoja na kuweka rahani deraya yake. Hapo pia tunajifunza kwamba uaminifu katika biashara ni kwa watu wote, si kwa Waislamu peke yao. Inajuzu pia bei ya awamu kuwa kubwa kuliko ya taslimu, na Baraza lililotajwa lilithibitisha hivyo Jidda mwaka 1990. Masharti yake ni haya:

- Bei moja ichaguliwe kabla ya kuachana. Wakisema "taslimu 35, awamu 42" na mkaondoka bila kuamua, hiyo ni biashara mbili ndani ya moja, nayo imekatazwa.
- Ikishawekwa, bei haiongezeki. Faini inayoingia mfukoni mwa muuzaji kwa sababu ya kuchelewa ni riba. Mwenye dhiki hupewa muhula.
- Muuzaji anaweza kushikilia kadi au gari lenyewe kuwa rahani mpaka amalizike kulipwa, kwa mujibu wa azimio hilo hilo.

Tahadharini na mtu wa tatu. Anayekukopesha fedha taslimu za kununulia gari kisha akataka zirudi na nyongeza, huyo anauza fedha kwa fedha, na hiyo ni riba hata jina lake likibadilishwa. Tofauti ni benki inayonunua lori kwanza, likawa mali yake na likawa mikononi mwake, kisha ikakuuzia kwa faida inayojulikana. Benki za misingi ya Kiislamu zipo, kama Amana Bank iliyofunguliwa Tanzania mwaka 2011. Hata hivyo soma mkataba wako mwenyewe. Jina la benki halitoshi.

8. KALAMU NA MASHAHIDI

Allah (S.W.) ameagiza katika aya ya 282 ya Suratul Baqara kwamba deni la muda liandikwe na lishuhudiwe. Nao wazee wakasema mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni majina, namba ya chasisi na ya injini, bei, kasoro zilizotajwa, muda wa khiyari na tarehe za malipo. Kisha kadi ihamishwe jina bila kuchelewa. Huku Tanzania Bara shughuli hiyo iko TRA. Bila hivyo serikali bado inamjua muuzaji kuwa ndiye mwenye gari, na balaa likitokea barabarani litaanza kumtafuta yeye.

Na wale waliochangia fedha waandikiane vilevile. Ami ametoa kiasi gani, mama ametoa kiasi gani, ni zawadi, mkopo au ushirika? Lori zuri nalo limevunja nyumba kwa kukosa karatasi moja.

KHATIMA

Ndugu zetu, piganieni bei kwa ukaguzi na hesabu, lakini msiuze ukweli wala msiununue. Na kabla ya kukata shauri swalini istikhara, ambayo tumeipokea kutoka kwa yule yule Jabir, mwenye ngamia. Tunamwomba Allah atupe riziki ya halali, atutosheleze na haramu, na avibariki vyombo vya kazi vya wazazi wetu. Amin. Wabillahi tawfiq.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja mambo matatu tunayojifunza katika mapatano ya Mtume (S.A.W.) na Jabir (r.a.).
2. Saa ya kilomita iliyorudishwa nyuma inafanana na mifano gani miwili ya wanazuoni? Eleza.
3. Bwana mmoja aligundua ufa kwenye chasisi Jumatatu, akaendelea kubeba mchanga mpaka Ijumaa, kisha akataka kurudisha gari. Je, ana haki? Kwa nini?
4. Kuna tofauti gani kati ya "linauzwa kama lilivyo" na kuitaja kasoro yenyewe?
5. Waulize wazazi nyumbani: chombo chetu cha mwisho kilinunuliwa kwa maandishi? Je, kila aliyechangia ameandikwa?